Fahamu lengo la asili la hakimiliki na nafasi yake katika sanaa za Pemba

Mwaka 2011 kampuni ya uchapishaji ya Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ilitoa kitabu kiitwacho *Kale ya Washairi wa Pemba: Kamange na Sarahani*. Ndani yake zimo tungo za washairi wawili walioishi kisiwani Pemba katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Wa kwanza ni Ali bin Said bin Rashid Jahadhmy, aliyefahamika zaidi kwa jina la Kamange, ambaye alifariki mwaka 1910. Wa pili ni Sarahani bin Matwar, aliyefariki mwaka 1926. Kazi hiyo ni ya Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy, na mhariri wake ni mshairi Abdilatif Abdalla.

Msomaji wa Wete au Chake Chake anayekishika kitabu hicho anaweza kujiuliza swali ambalo jibu lake si jepesi kama linavyoonekana. Tungo hizi ni mali ya nani? Ni za vizazi vya washairi wenyewe, za waliozikusanya, za kampuni iliyozichapisha, au za Wapemba wote? Je, mwalimu wa skuli ya sekondari akitaka kuzinakili na kuwagawia wanafunzi wake, amuombe nani ruhusa? Na kikundi cha taarab kikitaka kuutia muziki utungo mmojawapo, kimlipe nani?

Maswali ya aina hii huulizwa kila inapozungumzwa hakimiliki, na mara nyingi majibu yanayotolewa mitaani huwa ya pande mbili zisizokutana. Wapo wanaoamini kuwa kila kitu cha sanaa kina mwenyewe daima dumu. Wapo pia wanaoamini kuwa kitu kikishasikika redioni au kikishaingia katika simu, basi ni cha kila mtu. Sheria haikubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili. Ili kuelewa kwa nini, hapana budi kurudi mahali sheria yenyewe ilipoanzia.

Sheria ya kuhimiza elimu

Sheria inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya hakimiliki ilianza kutumika Uingereza tarehe 10 Aprili 1710, wakati wa Malkia Anne. Kabla ya hapo mwandishi hakuwa na haki yake mwenyewe juu ya kitabu alichokiandika. Tangu mwaka 1557 chama cha wachapaji na wauza vitabu wa London kilikuwa na hati ya kifalme iliyokipa mamlaka juu ya kazi ya uchapaji. Mwanachama akishaandikisha kitabu katika daftari la chama, kitabu kilikuwa chake yeye na warithi wake bila ya kikomo, na mwandishi alimaliza kazi siku aliyokabidhi mswada. Utawala nao ulinufaika na mpango huo, kwa kuwa kupitia chama hicho uliweza kuvizuia vitabu usivyovipenda. Sheria iliyoubeba utaratibu huo ilikoma mwaka 1695, na wafanyabiashara wa vitabu wakaanza kulitaka Bunge liwarejeshee ulinzi wao.

Walichopewa hakikuwa kile walichokiomba. Sheria ya 1710 ilijitambulisha, katika anwani yake, kuwa ni sheria ya kuhimiza elimu. Haki ilianza kwa mwandishi, si kwa mchapaji. Muda wake ulikuwa miaka 14, na kama mwandishi alikuwa bado hai ulipomalizika, aliongezewa miaka 14 mingine. Vitabu vilivyokuwa vimekwishachapishwa vilipewa miaka 21. Aidha, nakala za kila kitabu kipya zilitakiwa kupelekwa katika maktaba 9, ili wanaosoma wavipate.

Kwa maneno mengine, yalikuwa ni mapatano ya pande mbili. Umma ulikubali kujizuia kwa muda kunakili kazi ya mtu, ili mtu huyo apate riziki na awe na sababu ya kutunga tena. Kwa upande wake, mtunzi alikubali kwamba baada ya muda huo kazi yake itaingia katika hazina ya watu wote. Nusu ya kwanza ya mapatano hayo ndiyo inayotajwa sana leo. Nusu ya pili husahauliwa, ingawa bila ya hiyo sheria isingekuwa na sababu ya kuwekewa kikomo cha miaka.

Wauza vitabu wa London hawakuridhika. Kwa miongo kadhaa walidai mahakamani kuwa, licha ya sheria hiyo, kipo kitu kinachoitwa haki ya milele ya mwandishi, ambayo wao wameinunua. Shauri lililomaliza ubishi huo lilifikishwa katika Baraza la Malodi mwaka 1774, likimhusu Alexander Donaldson, muuza vitabu wa Scotland aliyekuwa akichapisha nakala za bei nafuu za vitabu ambavyo muda wake ulikuwa umepita. Baraza liliamua kwamba kitabu kikishachapishwa, haki ya kukizuia kisinakiliwe ni ile iliyowekwa na sheria tu, na muda ukiisha, imekwisha. Miaka 13 baadaye, mwaka 1787, waandishi wa Katiba ya Marekani waliweka fikra hiyo hiyo katika kifungu kinachoruhusu Bunge lao kutoa haki za waandishi na wavumbuzi kwa muda maalumu, kwa ajili ya kuendeleza elimu na ufundi.

Tangu hapo muda umekuwa ukirefuka. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 uliziunganisha nchi kadhaa katika kulinda kazi za waandishi wa kila mmoja wao, na marekebisho yake ya baadaye yakaweka kima cha chini kuwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Nchi za Ulaya na Marekani zimekwenda mbali zaidi, hadi miaka 70. Kutoka miaka 14 hadi miaka 70 baada ya kifo ni safari ndefu, na si kila hatua yake ilipigwa kwa ajili ya wanafunzi na maktaba.

Sheria mbili katika Muungano mmoja

Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1994. Hata hivyo hakimiliki si miongoni mwa mambo ya Muungano, na kwa sababu hiyo kila upande una sheria yake. Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA. Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki Namba 14 ya mwaka 2003, na taasisi inayoisimamia ni COSOZA. Msanii wa Mkoani ambaye nyimbo zake hupigwa Unguja, Tanga na Dar es Salaam anahusika na taratibu zote mbili, jambo ambalo wasanii wengi hulijua baada ya mirabaha kuchelewa.

Misingi yake inafanana. Hakimiliki hulinda namna jambo lilivyoelezwa, si jambo lenyewe. Habari ya karafuu, ya mapenzi yaliyovunjika au ya jahazi lililopotea katika mkondo wa Pemba haina mwenyewe, na kila mshairi ana ruhusa ya kuitungia. Bahari za ushairi, vina na mizani pia havina mwenyewe. Kilicho na mwenyewe ni beti zilizotungwa, kwa maneno yale na mpangilio ule.

Haki hiyo huanza pale kazi inapotungwa. Kwa mujibu wa Mkataba wa Berne, ulinzi hautegemei kuandikishwa popote. Usajili una faida kubwa ya ushahidi, na ndiyo njia ya mtunzi kuingia katika orodha ya wanaogawiwa mirabaha, lakini usajili haumgeuzi asiyetunga kuwa mtunzi. Nukta hii ni muhimu kwa Pemba, kama itakavyoonekana mbele.

Mtunzi ana haki za aina mbili. Zipo haki za kiuchumi, yaani kuchapisha, kurekodi, kutangaza, kutafsiri na kulipwa kwa hayo, ambazo anaweza kuziuza au kuzikodisha. Zipo pia haki za kimaadili. Hizo ni haki ya kutajwa kuwa yeye ndiye aliyetunga, na haki ya kazi yake kutoharibiwa kwa namna inayomvunjia heshima. Waimbaji, wapigaji wa ala na waliorekodi sauti wana haki zao za jirani, ambazo sheria ya Bara inaziita hakishiriki.

Jina katika ubeti wa mwisho

Ingekuwa makosa kudhani kwamba watu wa mwambao walisubiri sheria ya Uingereza ndipo wajue kuwa utungo una mwenyewe. Katika tenzi za Kiswahili ni ada ya muda mrefu kwa mtunzi kulitaja jina lake na nasaba yake katika beti za mwisho, pengine pamoja na tarehe aliyomaliza. Mnakili aliyeunakili utenzi huo kwa herufi za Kiarabu aliliandika jina hilo kama alivyolikuta, na mara nyingine akaongeza lake mwenyewe chini yake ili ijulikane kuwa yeye ni mnakili tu. Hapakuwa na malipo kwa kila nakala. Palikuwa na jina, na heshima iliyofuatana nalo. Katika lugha ya leo, haki ya kimaadili ilikuwapo na watu wakiilinda, ingawa haki ya kiuchumi haikufahamika.

Tofauti hiyo iliacha alama katika namna sanaa yenyewe ilivyokua. Kamange na Sarahani walijibizana kwa tungo. Mmoja akitoa shairi, mwenzake hulichukua, akaligeuza, akamrudishia kwa vina vile vile au kwa hoja iliyopinda upande wa pili. Majibizano ya namna hii hayawezekani bila ya kila mshairi kuwa huru kulishika neno la mwenzake na kulifanyia kazi. Wasikilizaji nao walihifadhi, wakanakili na wakaghani, na ni kwa njia hiyo tungo hizo zikafika kwa wakusanyaji. Lau zingefungwa zisitoke nyumbani kwa mtunzi, hapana shaka kitabu cha 2011 kisingekuwapo.

Kibati, ngoma mashuhuri ya Pemba, ni mfano ulio wazi zaidi. Mapigo yake ni ya kasi, na waimbaji hutunga maneno papo hapo kwa kujibizana juu ya mapigo hayo, wenzao wakiitikia kiitikio. Usiku mmoja wa kibati unaweza kutoa beti ambazo hazitasikika tena. Msewe nayo, inayochezwa na wanaume waliojifunga miguuni vitu vinavyotoa mlio wanaposhindilia chini, ina nyimbo ambazo wazee walizipokea kwa wazee wao. Nyimbo za aina hii hazina mtunzi anayejulikana, na huenda zilitungwa na wengi, kila kizazi kikiongeza na kupunguza. Hakimiliki ya kawaida, iliyojengwa juu ya mtu mmoja na kitabu kimoja, haina pa kuzikamatia.

Hapa ndipo penye tatizo linaloweza kuikumba Pemba kuliko wizi wa nakala unaozungumzwa kila siku. Chukua mfano wa kikundi kinachoingia studio na kurekodi wimbo wa zamani wa msewe. Kikundi hicho kina haki halali juu ya rekodi yake, juu ya uimbaji wake na juu ya muziki mpya kilioutunga kuusindikiza. Hakina haki juu ya wimbo wenyewe. Kikundi kingine cha shehia ya jirani kinaweza kuuimba wimbo ule ule kesho yake bila ya kumuomba mtu. Lakini mmoja wao akienda kuuandikisha kwa jina lake kuwa ni utungo wake, na ikatokea hakuna mzee aliyepata habari, ataonekana katika karatasi kuwa mwenyewe, na waliourithi wimbo kwa babu zao watajikuta wakidaiwa. Sheria iliyowekwa ili kazi zienee itakuwa imetumiwa kufungia kile kilichokuwa wazi.

Wataalamu wa nchi zinazoendelea waliliona pengo hilo mapema. Mkataba wa Berne uliporekebishwa Stockholm mwaka 1967, uliongezwa utaratibu unaoruhusu nchi kuteua mamlaka ya kuzisimamia kazi zisizochapishwa ambazo mtunzi wake hajulikani. Mwaka 1976 ulitolewa Tunis mfano wa sheria ya hakimiliki kwa nchi zinazoendelea, uliotaja sanaa za jadi waziwazi. Sheria ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 ina sehemu ya sanaa za jadi, ambapo matumizi ya kibiashara nje ya mazingira yake ya asili huhitaji idhini ya Baraza la Sanaa la Taifa. Shirika la hakimiliki bunifu la kanda ya Afrika, ARIPO, ambalo Tanzania ni mwanachama wake, lilipitisha itifaki ya maarifa na sanaa za jadi huko Swakopmund, Namibia, mwezi Agosti 2010. Nyaraka zipo. Kinachozipa nguvu ni kumbukumbu, yaani wimbo upi umeimbwa wapi, na nani, tangu lini. Mwenye kuujua wimbo ni mzee wa kijiji, na afisa wa usajili hawezi kuukataa udai ambao hakuna aliyewahi kuuwekea pingamizi.

Riziki ya mtunzi aliye hai

Upande wa pili wa mapatano usidharauliwe. Mtunzi aliye hai ana njaa leo, na hasubiri miaka 50. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 na wenzake kurekodi santuri za mwanzo za taarab kwa Kiswahili, sauti yake ilianza kusafiri mahali ambapo yeye mwenyewe hakufika. Tangu hapo kila chombo kipya, kuanzia redio na kanda za kaseti hadi simu ya mkononi, kimeifanya sauti isafiri kwa wepesi zaidi na malipo yabaki nyuma zaidi. Wakati wa kaseti, duka moja lenye mashine mbili liliweza kutoa nakala nyingi kwa siku, na mtunzi akazisikia zikipigwa katika gari la abiria kati ya Chake Chake na Konde akiwa amesimama kituoni.

Mgogoro wa wimbo wa *Malaika* unaonesha gharama ya kutoandika mapema nani alitunga nini. Wimbo huo ulirekodiwa na Fadhili William wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960, ukaimbwa na Miriam Makeba na kuenea duniani. Kwa miongo kadhaa utunzi wake umegombaniwa, na miongoni mwa waliodai kuutunga ni Adam Salim wa Tanzania. Wimbo umeingiza fedha katika nchi nyingi, na bado watu wa Afrika Mashariki wanabishana ni za nani.

Kwa kikundi cha taarab cha Pemba, somo la hapo ni la kawaida kabisa. Wimbo mmoja wa taarab huwa na mtunzi wa shairi, mtunzi wa muziki, mwimbaji, wapigaji na mwenye studio. Hao ni watu mbalimbali wenye haki mbalimbali. Mwimbaji ndiye anayetunzwa fedha jukwaani na ndiye ambaye jina lake hutangazwa redioni, ilhali aliyetunga shairi amekaa nyuma, pengine hayumo hata ukumbini. Karatasi moja iliyosainiwa kabla ya kurekodi, ikieleza nani alifanya nini na mirabaha itagawiwa vipi, hupunguza ugomvi ambao baadaye hauwezi kumalizwa hata na mahakama, kwa kuwa mashahidi wamekwisha kufa.

Inafaa pia kutofautisha hakimiliki na alama za biashara, kwa sababu mbili hizi huchanganywa. Kanga zenye maandishi “Mali ya Abdulla”, zinazotokana na duka la Kaderdina la Mombasa lililoanza mwaka 1887, zina alama inayomjulisha mnunuzi nguo imetoka kwa nani. Alama hiyo inaweza kulindwa maadamu biashara ipo. Mchoro wa kanga ni kazi ya sanaa, na una muda wake. Ama jina la kanga, yale maneno yaliyoandikwa chini, mara nyingi ni methali au msemo uliokuwapo kabla ya kiwanda. Mwenye duka hawezi kumzuia bibi wa Kojani kuusema.

Kinachoruhusiwa na kilichokwisha muda

Sheria zinazofuata Mkataba wa Berne huacha nafasi kwa matumizi ya haki. Mtu anaweza kunukuu sehemu ya kazi iliyokwishatolewa, kwa kiasi kinachohitajika na kwa kumtaja mwenyewe. Mwalimu ana nafasi yake ya kutumia kazi kwa ajili ya kufundishia darasani, na vyombo vya habari vina nafasi yao katika kutoa taarifa. Kinachokatazwa ni kuligeuza jina la ufundishaji kuwa biashara, kwa mfano kunakili kitabu kizima cha mwandishi aliye hai na kukiuza mlangoni mwa skuli.

Kazi ambayo muda wake umekwisha haiombewi ruhusa. Maulidi ya Barzanji, yanayosomwa Pemba nzima, yalitungwa na mwanachuoni wa Madina wa karne ya 18, na hakuna anayedaiwa kwa kuyasoma wala kuyachapisha. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, hivyo kwa kima cha miaka 50 kazi zake ziliingia katika hazina ya umma mwanzoni mwa mwaka 2013. Penye uzito ni kwa waandishi waliofariki baada yake, ambao vitabu vyao havichapishwi tena na warithi wao hawajulikani walipo. Skuli inaweza kuwa na nakala moja iliyochanika ya riwaya ya miaka ya 1970, wanafunzi 40 wanaihitaji, na hakuna mwenye mamlaka ya kuruhusu ichapishwe upya. Haki ipo, lakini haimlishi mtu wala haimsomeshi mtu. Hapo urefu wa muda umeiacha mbali ile shabaha ya 1710, na ni haki kulisema hilo bila ya kumpunguzia mtunzi aliye hai senti yake.

Sasa swali la mwanzo linaweza kujibiwa. Kwa kima cha miaka 50, na hata kama sheria ya leo ingekuwapo wakati wao, muda wa tungo za Kamange ungekwisha mwaka 1960, na wa tungo za Sarahani mwaka 1976. Mwalimu anaweza kuwagawia wanafunzi tungo hizo, na kikundi kinaweza kuzitia muziki, bila ya kumlipa mtu kwa ajili ya maneno hayo. Utangulizi, maelezo ya maana za maneno na uchambuzi uliomo katika kitabu cha 2011 ni kazi nyingine. Hizo ni za walioziandika na zinalindwa, na hazinakiliwi kama kwamba zimeokotwa. Jina la mshairi halikomi na miaka. Anayeghani utungo wa Kamange na kuuita wake amedanganya, hata kama hana wa kumlipa.

Limebaki jambo moja ambalo sheria ya hakimiliki hailifikii. Katika nyumba za kale za Pemba yamo masanduku yenye karatasi za mkono, tungo na barua zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo hazijawahi kuchapwa. Mwenye sanduku ni mwenye karatasi, kwa urithi halali. Si mwenye utungo, ikiwa mtunzi amefariki zamani na muda umepita. Lakini hakuna kifungu kinachomlazimisha alifungue sanduku. Asipotaka, utungo ulio huru kisheria utabaki umefungwa, pamoja na mchwa na unyevunyevu wa masika. Akitaka, si lazima atoe karatasi yenyewe. Inaweza kupigwa picha na kurejeshwa siku ile ile, nakala ikahifadhiwa katika nyaraka, na juu yake yakaandikwa jina la mtunzi kama lilivyo katika ubeti wa mwisho, jina la mnakili, jina la nyumba iliyoitunza, na tarehe.